Ryzen 3 1200 kwa 3.9: usiku yapita, saa nane mchana yaganda

BintiKuze

Assalam alaykum, na hamjambo nyote. Mwenzenu nimefika mwisho wa akili: kompyuta yangu niliyoipandisha mwendo wa prosesa yaganda mchana, na hii mashine siwezi kumpelekea mtu. Sababu ni hii.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, upande wa wanawake. Mnaoijua Mombasa mwajua usiku wa kupamba ulivyo: simu zaachwa mlangoni, na mwanamume haingii. Jamaa za bibi harusi hunikubali mimi kwa kuwa video haitoki mikononi mwangu mpaka iingie mikononi mwao. Kwa hivyo diski yangu haiendi kwenye kibanda cha fundi, hata fundi awe ndugu yangu wa tumbo moja. Mwaka jana niliacha mashine mahali siku mbili, diski nimeitoa na kuitia mkobani, na bado nilisemwa.

Mashine yenyewe: Ryzen 3 1200, mazabodi ya B350, feni ile ile ya Wraith Stealth iliyokuja na prosesa, RAM za GB 8 mbili za DDR4 3200, kadi GTX 1050 Ti, pawasaplai ya wati 450. Vyote ni mitumba isipokuwa RAM. Ni prosesa ya 2017, najua, lakini pesa ya mpya sina, na hii kizidisho chake, ile namba ya kupandishia mwendo, hakijafungwa.

Wiki mbili zilizopita niliingia BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka, nikaweka kizidisho 39.00, yaani 3.9 GHz, volti 1.35, na hapo hapo nikawasha XMP ili RAM nayo ikimbie 3200. Ikawaka. Nikaipitisha Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa, mara tatu, haikulalamika. Usiku ule ikarenda harusi nzima, yaani ikaitoa video iliyokamilika, bila kukohoa, dakika 42.

Kesho yake baada ya adhuhuri nikaanza ya pili. Asilimia 61, ikaganda. Kwenye skrini umebaki mkono wa bibi harusi, hina mpaka kiwikoni, na spika imenasa kwenye kigelegele kimoja: li-li-li-li-li, mpaka mamangu akaja kuuliza kuna nini. Nikazima kwa kidole. Tangu hapo ni vivyo hivyo. Usiku yapita, mchana yaganda, na mara mbili imejizima na kujiwasha bila hata skrini ya buluu. Mara moja tu ndiyo nimeiona buluu, imeandikwa MEMORY_MANAGEMENT.

Chumba changu kiko chini ya mabati na hii kaskazi mwaiona. Kipimajoto cha ukutani chasema 33. HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, yasema prosesa yafika digrii 87 nikirenda. Je, niongeze volti au nirudi nyuma? Nina harusi ya kutoa Jumamosi.

KijanaMtongwe

Dada, weka 1.45 ulale. Ukiona bado, nunua kuula ya mnara, kile kipoza prosesa kirefu. Wazungu kwenye video zao hizi 1200 wanazipeleka mpaka 4.0.

FundiMakupa

Kijana, hao unaowatazama wana chumba cha digrii 20. Chumba kikipanda digrii moja, prosesa nayo hupanda karibu digrii moja, kwa hivyo huyu dada anaanza mbio akiwa nyuma kwa digrii 13 kabla hajagusa kitu. Mwisho wa prosesa hii ni 95. Mpe 1.45 kwa feni ile uone.

Na hiyo kuula ya mnara kwa mazabodi yake naiogopa. B350 nyingi za bei ya chini mosifeti zake, vile vijidude vyeusi pembeni ya soketi vinavyolisha prosesa umeme, hazina hata kipande cha aluminiamu juu. Feni ya Stealth inapuliza kuelekea chini, kwa hivyo mosifeti zinapata upepo wa bure. Mnara unapuliza kuelekea nyuma ya kasha, mosifeti zinabaki zinaungua kimya kimya.

Sasa dada, kosa lako ni moja, nalo ni la kila mtu mara ya kwanza: umewasha mambo mawili siku moja. Prosesa na RAM. Ikianguka, utajuaje nani kamwangusha mwenzake? Kwanza toa diski ya kazi. Hili nalisema hata kama isingekuwa ya harusi za watu. Mashine isiyotulia kuganda ni afadhali, ubaya wake ni pale inapoandika uongo kwenye diski na wewe hujui mpaka ufungue faili mwezi ujao.

Rudisha prosesa kawaida kabisa, iache XMP. Tia MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi, uwashe kutoka huko, Windows haihitajiki. Ikitoa hata kosa moja, RAM haikubali 3200. Ryzen za kizazi cha kwanza zilikuwa na shida hiyo, AMD wenyewe kwa 1200 wameandika 2667, kinachozidi hapo ni bahati yako. Jaribu 2933. RAM ikishatulia ndipo uguse prosesa, kwa Prime95, programu ya kuichosha prosesa kwa hesabu, upande wa Small FFTs. Na ujaribu saa nane mchana, feni ya chumba ikiwa mahali inapokuwa siku zote. Jaribio la usiku ni la kujipa moyo.

KijanaMtongwe

Haya fundi, nimekoma. Lakini angalieni stima pia. Huku kwetu jokofu likiwaka taa inafifia. Inaweza ikawa pawasaplai inakosa nguvu.

BintiKuze

Ahsanteni. Fundi, Mungu akulipe, lile la diski lilinitia baridi. Nimefungua faili za wiki iliyopita zote, moja ya dakika tano imeharibika kweli, lakini kadi ya kamera sijaifuta.

Stima nimeijaribu: jokofu nimelichomoa mchana mzima, mama akanuna, mashine ikaganda vile vile. Kwa hiyo jokofu halina hatia.

MemTest86 kwa 3200: makosa 11 kabla ya duru ya kwanza kwisha. Nikashusha 2933, nikaiacha usiku kucha, duru nne, sufuri. Basi nikarudi kwenye 3.9 nikafungua Prime95 saa nane na robo. Dakika ya 12 nguzo moja kati ya nne ikasimama, nyingine zaendelea kama hazikuona kitu. Imeandika: “FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4”. Joto 89. Na jambo jingine, BIOS nimeandika 1.35, lakini HWiNFO kazi ikiwa nzito yasoma 1.29. Zile nyingine zimekwenda wapi?

FundiMakupa

Umeona? Wagonjwa walikuwa wawili kitanda kimoja. Hiyo nguzo iliyosimama ni kiini kimoja kimekosea hesabu, kilipaswa kupata jibu fulani kikapata jingine. Windows ingeendelea tu na wewe ungeona yote sawa.

Volti kushuka mzigo ukiwa mzito ni kawaida. BIOS ina sehemu ya LLC ya kuipunguzia kushuka. Weka daraja ya kati. Usikimbilie ya mwisho, na soma kitabu cha mazabodi yako, maana kuna kampuni ambazo 1 ndiyo kali na nyingine 1 ndiyo laini.

Halafu lini mara ya mwisho umefungua hiyo feni?

BintiKuze

Sijawahi.

FundiMakupa

Lahaula. Na waishi Kuze, bahari mlangoni.

Sikiliza vizuri hapa. Washa mashine dakika kumi ipate moto, pesti ya kupitisha joto ilainike. Zima, chomoa waya. Legeza skrubu nne kwa msalaba, kidogo kidogo. Kisha ZUNGUSHA hitisinki, lile la mapezi chini ya feni, kushoto kulia, kama unayefungua mtungi wa achari, mpaka uisikie imeachia. Ndipo uinue. Ukiivuta juu moja kwa moja, kwenye soketi ya AM4, kama yako, prosesa hutoka soketini imegandamana nayo hata kama lachi imefungwa, na hapo una pini 1331 za kunyoosha kwa sindano. Nimeletewa za namna hiyo tatu.

Pesti ya zamani futa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa manyoya. Mpya, punje ya ukubwa wa mbaazi, katikati, basi.

Ami_wa_Sloti

Nimewasoma kwa utulivu na kahawa yangu. Binti yangu, mimi mchezo huu niliuanza na prosesa ya Celeron 300A, ile ya 1998. Kizidisho chake kilikuwa kimefungwa 4.5, kwa hivyo tulikuwa tukipandisha basi ya mfumo, ule mwendo wa msingi unaozidishwa, kutoka 66 hadi 100, na 300 ikawa 450. Ilikuwa kama kununua tikiti ya ngalawa ukapandishwa meli. Yangu ilikubali 450 miezi ya kusi. Kaskazi ikivuma haikutaka kabisa, na mimi nikawa naibadilisha kwa msimu kama nahodha.

Hesabu ya fundi nakuongezea moja. Joto la prosesa huenda na mwendo, lakini na volti huenda mara mbili, yaani volti mara volti. Chukua 3.9 kwa 1.35, linganisha na 3.7 kwa 1.25. Mwendo umeongeza asilimia 5 na kidogo. Joto: 1.35 mara 1.35, gawa kwa 1.25 mara 1.25, ni asilimia 17 zaidi, na ile 5 ya mwendo juu yake, jumla kama 23. Walipa 23 wapewa 5. Duka gani Biashara Street ungekubali bei hiyo? Kazi ya dakika 42 itakuwa 44. Dakika mbili hizo huendi kuswali rakaa zako mbili?

BintiKuze

Ami, nimecheka peke yangu.

Nimefungua. Nilichokiona chini ya feni sikitaji mbele ya watu. Vumbi limeshikana na unyevu wa chumvi, limekuwa kama ukoko wa wali, limeziba kati ya mapezi robo tatu. Pesti imekauka inameguka. Nimezungusha kama mtungi wa achari, imeachia kwa mlio mdogo, moyo wangu ulikuwa kooni, lakini prosesa imebaki soketini.

Baada ya kusafisha, 3.9 kwa volti zile zile ikashuka kutoka 89 hadi 82, lakini nguzo ikasimama tena, dakika ya 31. Nikamfuata Ami: 37.00, volti 1.25, LLC daraja ya kati, RAM 2933. Ikasimama dakika ya 50. Nikapandisha 1.2625. Saa mbili za Prime95, kuanzia saa saba na nusu hadi tisa na nusu mchana, ukuta wasoma 34, prosesa 76, nguzo zote nne zimo. Nikaongeza Blend, jaribio la Prime95 linalogusa RAM pia, usiku kucha, kimya.

Leo ndipo nimerudisha diski ya kazi. Harusi ile ile iliyokwama kwenye hina nimeianza saa nane kamili kwa makusudi, mlango nimefunga ili joto lizidi. Ule mkono ukapita, akavua bangili, akacheka, ikaenda mpaka mwisho. Dakika 44, Ami, kama ulivyosema. Mama wa bibi harusi ashachukua fleshi yake, na kaniletea kisahani cha halwa.

KijanaMtongwe

Hongera dada. Kusi likiingia utairudisha 3.9?

BintiKuze

Sikurudishi wewe, seuze 3.9.