Tumeombwa kutia saini waraka wa mshikamano na wakulima weusi wa Marekani: tufanyeje?

Katibu wa Kikundi, Muheza

Wanajukwaa, salamu kutoka Muheza. Sisi ni kikundi cha wakulima ishirini na watatu, wengi wetu wanawake, tunaolima kilimo hai kwenye miteremko inayopanda kuelekea Amani. Mazao yetu makubwa ni iliki, mdalasini, pilipili manga na migomba ya kulia nyumbani. Kwa miaka mitatu tumeshirikiana na shamba la mafunzo la jirani linaloendeshwa na wageni kutoka Ulaya, na nisiwe mchoyo wa shukrani, kwani ndio waliotuunganisha na mnunuzi wa viungo anayelipa vizuri.

Wiki iliyopita wametuletea waraka, umetafsiriwa kwa Kiswahili kizuri tu, unaoviomba vikundi vya wakulima vitie saini kuonyesha mshikamano na wakulima weusi wa Marekani na kupinga ubaguzi wa rangi miongoni mwa watu wa kilimo endelevu. Yaliyoandikwa humo hayana ubishi. Kilichotugawa ni mafunzo ya mwezi wa tano yaliyofanyika kwao.

Siku ya tatu mwalimu alichora duara ardhini, akatueleza kwamba ukichimba shimo, ukalijaza takataka za jikoni na majani makavu, ukapanda migomba kulizunguka na kuelekezea humo maji ya kuoshea vyombo, utavuna ndizi mwaka mzima. Mzee mmoja wa kikundi aliniinamia akaninong'oneza, "Hili si jalala la mama yangu?" Nilicheka, lakini neno lile halijaniacha. Washiriki wageni walilipia mafunzo yale kwa dola na wakaondoka na vyeti; sisi tulisoma bure, tukapewa soda na nauli, na cheti hatukukiona. Kijana wetu aliyeendesha karibu nusu ya masomo ya vitendo anaitwa "msaidizi" na hulipwa kwa siku kama kibarua wa palizi.

Basi wenzangu wengine wanasema kutotia saini ni kuwaadhibu watu weusi wa Marekani kwa makosa ya jirani yetu, na wengine wanasema kutia saini ni kumsafisha jirani kwa kalamu yetu wenyewe. Ninyi mngefanyaje?

Mkulima wa Mlalo

Katibu, hilo jalala limenikumbusha matuta. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha huku kwetu Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulienezwa sehemu kubwa ya Usambara, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko; asiyechimba alitozwa faini. Marehemu mama yangu aliyachimba akiwa na mtoto mgongoni. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli, hilo sikatai, lakini waliokuja na amri hawakujishughulisha kuuliza wenyeji walikuwa wakiutunzaje kabla yao. Watu waligoma, wanawake wakiwa mbele, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ulikwisha kuachwa, huku TANU ikiwa imejipatia wafuasi wengi kutokana na hasira ile.

Miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine uliosaidiwa na Wajerumani, ukahimiza kupanda majani ya gwatemala na miti kwa kufuata kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa usawa. Mmomonyoko ulikuwa uleule na mteremko uleule, ila safari hii majani yalimlisha ng'ombe aliyefungwa bandani, na mkulima aliiona faida siku aliyokata mzigo wa kwanza. Mpaka leo ukipita Lushoto utaiona mistari hiyo.

Kwa hiyo swali ambalo ningewapelekea jirani zenu ni moja tu: siku ya kupanga kitakachofundishwa, huyo kijana wenu huwa wapi?

Msomaji wa Chumbageni

Kabla hamjaamua, ni vyema kila mwanakikundi aelewe waraka unazungumzia nini, maana neno mshikamano likisomwa peke yake halina uzito. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi zaidi ya 900,000. Leo hawafiki 50,000. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni kwamba wengi walinyimwa mikopo na ofisi za serikali zilezile zilizomkopesha jirani yao mzungu, na ninyi mnajua kwamba mkopo wa pembejeo ukifika msimu umeshapita, ni sawa na kutofika. Jambo hilo lilipelekwa mahakamani, na mwaka 1999 Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo iliingia makubaliano ya kuwalipa fidia maelfu ya wakulima hao.

Ningependa mwanamke mmoja atajwe kikaoni kwenu: Fannie Lou Hamer wa Mississippi, aliyefukuzwa kwenye shamba la pamba alikofanya kazi kwa sababu mwaka 1962 alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1969 alianzisha shamba la ushirika, lililokuwa na kile kilichoitwa benki ya nguruwe: familia ilipewa jike ikalifuga, na lilipozaa, sehemu ya watoto ilirudishwa ili wapewe wengine. Msinune kwa ajili ya nguruwe. Mtoeni, mwekeni ng'ombe mahali pake, na hapo mtakuwa mmepata kopa ng'ombe lipa ng'ombe tunayoijua sote. Mwaka huohuo, katika jimbo la Georgia, Charles na Shirley Sherrod na wenzao walipata ardhi ya zaidi ya ekari 5,000 ili wakulima weusi waimiliki kwa pamoja. Ukame ulipowapiga, mkopo wa dharura ukacheleweshwa, na mwaka 1985 ardhi yote ilikuwa imekwenda. Fidia waliamuliwa mwaka 2009.

Jambo la mwisho. Neno pamakalcha, yaani kilimo cha kudumu kinachopangwa kwa kuiga maumbile, lilitungwa miaka ya 1970 na Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, na kutunga jina si dhambi. Lakini George Washington Carver, mtaalamu mweusi wa kilimo aliyezaliwa utumwani, alifika chuo cha Tuskegee kule Alabama mwaka 1896, na tangu wakati huo alikuwa akiwafundisha wakulima weusi kuitibu ardhi iliyochoshwa na pamba kwa kupanda kunde, karanga na viazi vitamu. Katibu, je, huyu alitajwa katika mafunzo yenu?

Mjukuu wa Manamba, Korogwe

Naomba niwarudishe nyumbani. Mkonge ulioijenga Tanga ulitokana na miche aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Ilipakiwa elfu moja, ikafika hai 62. Mikono ya kuukata nayo ililetwa kutoka mbali, kutoka Kigoma, Songea, Mbeya, Urundi na Msumbiji, na kila mtu alipewa namba, ndipo tukaitwa manamba. Babu yangu alitoka Kigoma. Mimi nimezaliwa kambini, na lugha ya babu naisikia kwa shida.

Nilipoomba kujiunga na kikundi cha kilimo hai cha kijiji cha jirani, mwenyekiti aliniuliza, wala hakuwa na ubaya, "Shamba lenu la ukoo liko wapi?" Hatuna. Ninakodi robo tatu ya ekari, mwaka kwa mwaka, na mwenye shamba amenikataza kupanda mti wowote wa kudumu, hata mpapai ananiangalia kwa jicho la pembeni, kwa sababu kwetu aliyepanda mti kesho hudai ardhi. Nimehudhuria semina mbili za msitu wa chakula, yaani shamba la miti ya matunda na mazao yaliyochanganywa. Zote mbili zilianza na ushauri kwamba tupande minazi, miembe na mifenesi kwanza. Nilikaa nyuma nikaandika, kisha nikarudi kwenye mchicha na kunde zangu, nikatandaza majani, nikijua kwamba mboji niliyoirundika mwaka huu huenda ikamstawishia mahindi mpangaji mwingine.

Mnalalamika, na ni haki yenu, kwamba jirani Mzungu anawaita wasaidizi. Naomba kuuliza kwa heshima: kati yenu ishirini na watatu, wa kambini ni wangapi?

Bwana Shamba Mstaafu

Nitasema machache. Jirani huyo mwambieni ana kwa ana kabla hamjamwandikia chochote. Mtu aliyewatafutia mnunuzi anastahili kusikia lawama kutoka midomoni mwenu. Ombeni kijana aandikiwe mkataba wenye cheo cha mwalimu na malipo ya mwezi, kwa sababu kusifiwa hakulipi ada ya mtoto. Cheti pia si kitu kidogo, mtu hukitumia kuombea kazi.

Katibu wa Kikundi, Muheza

Nimewasoma wote, tena mara mbili. Kuhusu Carver, hapana, hakutajwa. Mzee wa Mlalo, nimemuuliza kijana: siku ya kupanga masomo huwa anamwagilia kitalu.

Mjukuu wa Manamba, kwetu hakuna hata mmoja, ingawa kambi ya zamani ya mkonge iko mwendo wa nusu saa kwa miguu na watu wake hutuuzia kuni. Nimeifungua katiba ya kikundi jana usiku. Kifungu cha nne kinataka mwanachama awe na "shamba lake mwenyewe lisilopungua ekari moja". Mwandiko ni wangu. Wakati ule tulidhani tunajikinga na watu wanaokuja kwa ajili ya semina na posho tu.

Tutakutana Jumamosi baada ya alasiri. Nitapendekeza tutie saini waraka, tuwaendee jirani sisi watano kuzungumzia mkataba wa kijana na vyeti, na kifungu cha nne kisomeke "anayelima", awe amekodi au anamiliki, kisha tuone kama wenye mashamba miongoni mwetu wako tayari kukodisha kwa miaka mitano badala ya mmoja. Waraka utapita kabla chai haijapoa. Hilo la kukodisha miaka mitano ndilo litakalotuweka hadi magharibi, na wa kwanza kulipinga atakuwa yule mzee wa jalala, kwa sababu ana ekari tatu anazozikodisha.