Naomba ushauri: kutoka golini hadi ukocha

Ndugu wanamichezo, shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwenu nyote. Nilidaka miaka 11 katika madaraja ya chini hapa Dar es Salaam hadi jeraha la bega liliponilazimisha kustaafu, na sasa nawanoa makipa watano wa timu ya mtaani huku Temeke, kazi ninayoipenda kwa moyo wote. Nina leseni D ya ukocha, ile ya ngazi ya awali, ya CAF (Shirikisho la Soka Afrika). Nimeomba kazi katika klabu mbili, zote zikanijibu kwamba zinahitaji mwenye sifa zaidi, nami mwaka huu nina uwezo wa kulipia kozi moja tu. Je, nisomee leseni C, inayoelekea B na A, au kozi ya makocha wa makipa? Na kwa aliyepita njia hii, klabu hutazama kipi kwanza?