Je, kituo cha data cha kontena kinatufaa?

Mwulizaji

Ndugu wataalamu, naomba ushauri wenu. Chumba chetu cha seva kimo katika jengo la kupanga, na mkataba unaisha baada ya miezi 14. Tuna raki 6 (fremu za kupangia seva) zinazotumia jumla ya kilowati 24 hivi. Uongozi umeletewa pendekezo la kununua kituo cha data kilichoundwa ndani ya kontena la futi 40, ambacho muuzaji anasema kitawashwa wiki chache tu baada ya kufika. Mimi ndiye nitakayeandika maoni ya kitengo cha TEHAMA, nami sitaki kulikataa jambo kwa kuwa ni geni, wala kulikubali kwa kuwa linavutia. Nianze kupima wapi?

Mhandisi wa umeme

Anza na vile ambavyo kontena haliji navyo: laini ya umeme, jenereta na tangi lake la mafuta, njia mbili za faiba zisizopita mtaro mmoja, uzio, kibali, na msingi wa zege, kwa maana kontena lililosheheni laweza kukaribia tani 30. Ni kweli kwamba muda unaokolewa, kwa sababu kiwanda huunda kontena wakati uleule mnapomwaga zege. Lakini ikiwa laini ya umeme itachukua mwaka kufika, kontena litakaa uwanjani likiisubiri.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni ubaridi. Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva hugeuka joto, na sanduku la chuma lina hewa kidogo, hivyo viyoyozi vikisimama mna dakika chache tu. Muulize muuzaji: kiyoyozi kimoja kikizimika saa nane mchana siku ya jua kali, vilivyobaki vinamudu? Aidha, akikutajia uwiano wa umeme wote wa kituo kwa umeme unaofika kwenye seva, mwambie aukokotoe kwa kilowati 24 zenu. Mitambo iliyopangiwa kilowati 150 huwa na ufanisi duni inapobeba mzigo mdogo kiasi hicho.

Fundi wa matengenezo

Nimehudumia kontena la namna hiyo kwa miaka 3. Upana wa ndani wa kontena la kawaida ni kama mita 2.35, na hapo kuta bado hazijawekewa vizuia joto. Raki yenye kina cha mita 1.2 ikishakaa, kinachobaki hugawanywa mbele na nyuma. Seva ndefu ilipotakiwa kuvutwa nje, nililazimika kusimama kiubavu, huku mwenzangu akinipitishia bisibisi juu ya raki. Siku moja ya mvua nilingoja dakika 40 nje ya mlango, diski mpya nimeikumbatia ndani ya koti, kwa kuwa hapakuwa na kijichumba cha kuingilia na sikuthubutu kuruhusu unyevu ule uingie kwenye seva.

Google ilipoonyesha makontena yake mwaka 2009, kila moja liliweza kubeba seva 1,160 zilizofanana. Huko seva moja ikifa, kazi huendelea kwenye nyingine. Je, zenu zinafanana? Mnaingia mara ngapi?

Mwulizaji

Asanteni sana. Nimefungua daftari la mlangoni: tunaingia wastani wa mara 4 kwa wiki, na vifaa vyetu ni vya rika na ukubwa tofauti. Uwanja ni wetu, ila laini ya umeme iliyopo haitoshi.

Mhandisi wa umeme

Basi, kwa maoni yangu, futi 40 halifai. Linganisheni njia mbili: kukodi raki katika kituo cha data cha pamoja, kinachotumiwa na wateja wengi, au kontena la futi 20 lenye milango ya ubavuni, mkiwa na hakika kwamba mzigo utakua. Pelekeni ombi la umeme wiki hii, kwa kuwa mtaulizwa tarehe yake katika kila njia inayotumia uwanja wenu. Na kabla ya sahihi yoyote, mwombeni muuzaji awapeleke kwenye kontena linalofanya kazi, ninyi wenyewe mvute seva moja hadi itoke yote.