Tupeane uzoefu: uliyezungushwa na kastoma kea kuhusu CRB (ofisi za kuweka rekodi za mikopo), ingia hapa

Abiria wa Likoni
Leo asubuhi kwenye feri jamaa mmoja kaweka simu spika, yuwangojea kastoma kea. Ule wimbo wao wa kungojesha mwaujua. Wallahi tumbo lilinikata. Nilishuka upande wa kisiwani nikajiona niko mwaka juzi, nimekaa ngazi za Posta, betri asilimia sita, naambiwa "simu yako ni muhimu kwetu".

Langu lilikuwa dogo. Mkopo wa 3,700 nshalipa, risiti n'nayo, lakini kwenye ripoti wasomeka haujalipwa. Nilijua siku nilipokwenda kutafuta pesa za kuanzia tuktuk, nikakataliwa kabla sijakaa kitini. Mkopeshaji aniambia nenda CRB. CRB waniambia sisi twaandika tulicholetewa, rudi kwa aliyekukopesha. Nikazunguka kama ngamia wa kinu cha simsim.

Simu ya tano ndipo nikagundua kuwa anayenipokea si mfanyakazi wa mkopeshaji. Ni kampuni nyingine kabisa, imekodiwa kupokea simu. Akaunti yangu haioni. Aona dirisha la kuandika malalamiko, basi. Sasa wiki mbili zote nilikuwa nazungumza na nani?

Haya, leteni zenu.

Mama Salha
Usinitajie nambari ya tiketi ya malalamiko. N'nazo kumi na moja, nimezibandika kwenye friji kama picha za wajukuu.

Kibokoni Kati
Nyinyi mna bahati, deni ni lenu. Mimi nadaiwa la mtu mwingine kwa sababu twaitwa sawa. Jina langu ni lile la Kipwani la kawaida, jina la babu, la baba, kisha la babu tena. Mtaani kwetu peke yake tuko wanne, tunatofautishwa kwa lakabu. Kuna Mrefu, kuna wa Samaki, kuna wa Mwisho, na kuna mimi.

Nampigia yule dada, yuwaniambia, "Lakini jina si ndilo lako?" Namwambia jina ni langu, deni si langu, tazama nambari ya kitambulisho. Kumbe mwisho pana 68 pakaandikwa 86. Namsomea tarakimu moja moja, yuwaniambia mfumo unaonyesha ni mimi. Nikamuuliza mama yangu mzazi yuwaitwa nani kwenye huo mfumo. Akataja mwanamke nisiyemjua. "Haya, huyo ni mamangu?" Akanyamaza. Kisha: "Je, kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia?"

Tuktuk Nambari Nane
😂😂 "wa Mwisho"

Nusu kwa Nusu
Mimi nitaandika refu, mnisamehe. Hii hadithi sijawahi kuimaliza hata mbele ya mume wangu. Nikifika katikati nalia ama natukana.

Mnakumbuka Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilileta mpango wa mikopo ya simu? Kama deni lako la simu limekwama benki, benki inakusamehe angalau nusu, unalipa iliyobaki kufikia 31 Mei 2023, na hali yako kwenye CRB inarekebishwa. Mimi nilikuwa na 18,400. Benki ikanitumia ujumbe: lipa 9,200 tumalizane. Nikauza cherehani, nikalipa mwezi wa tatu. Ujumbe wa asante ukaja. Nikalala usingizi.

Mwaka uliofuata nikaitwa kazi ya ukeshia, supamaketi upande wa Nyali. Wanataka cheti cha polisi, cha KRA (watu wa kodi) na cha CRB. Kuitisha cha CRB, nakuta nadaiwa 9,200. Ile nusu waliyonisamehe imekaa palepale, na riba imeota juu yake. Hiyo ni Jumatatu. Vyeti vinatakiwa Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Kijana wa kwanza: "Mpango gani dada?" Nikamweleza kuanzia Novemba. Akaniweka kwenye wimbo mpaka salio likaisha. Wa pili aliandika kila kitu, akanipa nambari, akasema saa 72. Jumatano wa tatu akasema nambari hiyo haionekani, tuanze upya. "Mpango wa nini?" Wa nne alikuwa anasoma karatasi. Nilijua anasoma kwa sababu kila nikimkatiza alirudi mwanzo wa sentensi. "Nakuelewa mama, na pole kwa usumbufu." Nikamuuliza, wewe uko benki? Akasema yeye ni mwakilishi. Mwakilishi wa nani? "Mwakilishi wa huduma."

Alhamisi nikafunga safari hadi tawi lao la mjini. Nikapata dada mpole, wallahi sina neno baya juu yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akatazama ujumbe wangu wa asante, akasema hili ni kosa letu. Moyo ukatulia. Kisha akainua simu ya mezani, akabonyeza, akangoja. Nikasikia wimbo.

Alikuwa amepiga nambari ileile.

Tulikaa pale mimi na yeye, mfanyakazi wa benki na sare yake, tunasikiliza wimbo pamoja. Alinitazama kwa aibu. Mimi ndiye niliyemwambia pole.

Ijumaa ilipita. Kazi alipewa mwingine. Deni lilifutwa wiki sita baadaye, bila simu wala barua. Nilikuta tu halipo.

Mama Salha
Hapo kwenye wimbo nimesimama nikanywa maji.

Abiria wa Likoni
Dada, pole sana. Hiyo ya mfanyakazi wa benki kungoja foleni ya benki yake mwenyewe sijawahi kuisikia.

Zamani Hedfoni
Naomba niseme kitu na msinipige mawe. Nilikaa miezi kumi na minne kwenye moja ya hizo kampuni za kupokea simu. Asubuhi twahudumia benki, jioni twahudumia wauza televisheni za kulipia. Mafunzo ya benki yalikuwa siku tatu. Hatukupewa nafasi ya kuona akaunti, kweli kabisa. Tunaona jina, nambari ya simu na sanduku la kuandika. Ukivuka dakika nne na mteja mmoja, jina lako lageuka jekundu kwenye skrini ya msimamizi. Mkiona mtu awasomea karatasi, akiiacha yakatwa pesa yake.

Na tiketi zikitoka kwetu hatujui zaenda wapi.

Kibokoni Kati
Kwa hiyo ni weye uliyeniuliza kama kuna jambo jingine?

Zamani Hedfoni
Inawezekana 😅

Pweza wa Mkaa
Mwamchekea huyu? Watu wamekosa kazi. Wewe ulikuwa wajua huwezi kusaidia na bado wapokea simu, waandika tiketi za uongo, mwisho wa mwezi walipwa. Tofauti yako na tapeli ni ipi?

Zamani Hedfoni
Tofauti ni kwamba tapeli halipi kodi ya nyumba Magongo kwa shilingi elfu kumi na nane za mshahara. Wewe ukitumwa dukani ukute limefungwa, ni kosa la duka ama la mtoto aliyetumwa?

Pweza wa Mkaa
Mtoto aliyetumwa hurudi akasema limefungwa. Hasemi "ndani ya saa 72".

Nusu kwa Nusu
Pweza umesema kweli, lakini mwacheni. Mimi niliyekosa kazi sina hasira naye. Aliyemkodi ndiye namtafuta.

Karani Mkongwe
Kabla hamjang'oana meno, chukueni haya. Nimefanya kazi za mikopo miaka mingi.

Ofisi zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja yakupa ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Chukua zote tatu, maana kosa laweza kukaa kwa mmoja na kwa wengine hakuna. Mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako kama hujalipa. Hukupewa? Iandike hiyo kwanza, kabla hujaanza kulilia risiti. Deni la chini ya 1,000 halipelekwi tangu 2020. Ukishalipa deni lililokuwa limekwama kweli, doa lakaa miaka mitano, kwa hiyo msidanganyane kuwa kulipa kwafuta historia.

Na acheni simu. Simu haina ushahidi. Andika barua pepe kwa mkopeshaji na kwa ofisi ya CRB katika ujumbe mmoja, wote wawili waonane. Hapo hakuna atakayesema nenda kwa mwenzako.

Tuktuk Nambari Nane
Barua pepe? Wewe ukiwaandikia wao wakujibu na roboti. Dawa ni kwenda mwenyewe, ukae pale hadi wachoke kukuona. Mimi nilibeba mahamri na thermosi ya chai. Saa sita mchana meneja akatoka.

Karani Mkongwe
Akatatua?

Tuktuk Nambari Nane
Alikula mahamri mawili.

Shangazi Tudor
Mie nilichoka nikalipa tena. 2,300. Nikanunua amani yangu.

Karani Mkongwe
Hapana bibi! Ukilipa mara ya pili umekubali kuwa hukulipa mara ya kwanza. Sasa ripoti yasema ulichelewa, na lile doa miaka mitano.

Shangazi Tudor
Miaka mitano mimi n'takuwa na themanini. Nani atanikopesha.

Bint Mwembe Tayari
Nyinyi mwalalamikia makosa. Mimi nililalamika kosa, ikawa si kosa.

Mwaka jana nachukua ripoti, naona mkopo wa 64,000 wa benki moja ndogo ya mikopo, umechelewa siku tisini na kitu. Sijawahi kukanyaga hapo. Napiga simu kwa hasira zangu zote. Na ajabu yake, siku hiyo nikapata mtu mwenye bidii! Yeye akaunti aliiona. Akaniambia, "Dada, huu ni mkopo wa bidhaa. Kitanda cha futi sita kwa sita na kabati la milango mitatu. Vilipelekwa Mtwapa."

Namwambia mimi nakaa Mwembe Tayari, nalalia kitanda cha tano kwa sita tangu nilipoolewa 2011, ubao mmoja umevunjika tumeegemezea tofali. Akasema nambari ya kitambulisho ni yako, nakala ya kitambulisho iko, na mdhamini ni... akataja jina la mume wangu. Nikauliza aliyepokea mzigo ni nani. Akasoma jina la mwanamke.

Tulinyamaza wote wawili. Nasikia wenzake nyuma yake wanaongea. Kisha akauliza polepole, "Dada, nikuandikie tiketi?"

Mama Salha
SUBHANALLAH

Kibokoni Kati
Nilikuwa nataka kulala mimi.

Pweza wa Mkaa
Kabati la milango MITATU

Shangazi Tudor
Mwanangu ulimfanya nini? Sema kabla sijameza dawa ya presha.

Tuktuk Nambari Nane
Kitanda kiko wapi sasa? Hilo ndilo swali. Mwanamume twamjua, harekebishiki, lakini sita kwa sita ya mbao nzuri ni mali.

Abiria wa Likoni
Jamani turudi kwenye mada. Mada ni kastoma kea.

Mama Salha
Mada imehamia Mtwapa.

Karani Mkongwe
Dada Bint, hata kama ni mume, kutumia kitambulisho chako na kukutilia sahihi ni kughushi. Nenda polisi uchukue nambari ya OB (kitabu chao cha matukio), kisha uwapelekee mkopeshaji na CRB maandishi kuwa unapinga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yakupa haki ya kudai taarifa za uongo juu yako zirekebishwe, na Kamishna wa Data yupo kwa kazi hiyo.

Zamani Hedfoni
Na yule aliyekusomea jina la mpokeaji huenda alifukuzwa kazi. Sisi tulikatazwa kabisa kusoma habari za mtu wa tatu.

Nusu kwa Nusu
Yaani katika sisi wote, aliyesaidiwa kweli ni mmoja, na aliyemsaidia alivunja masharti.

Pweza wa Mkaa
Akipelekwa polisi mume atafungwa, nani alee watoto? Zungumzeni na wazee kwanza.

Mama Salha
Wazee hawafuti CRB.

Abiria wa Likoni
Mkitaka kujua langu liliishaje: Karani ana haki. Niliandika barua pepe moja kwa wote wawili, nikaweka risiti na tarehe ya malipo, kisha nakala kwa Benki Kuu. Siku ya nane nikapigiwa simu na mtu aliyejua jina langu na kiasi nilicholipa, bila kuniuliza nambari ya tiketi. Tuktuk sikupata, bei ilikuwa imepanda.

Shangazi Tudor
Bint mbona kimya? Umetuacha na kitanda kichwani.

Bint Mwembe Tayari
Nilikuwa napika. Polisi nilikwenda, OB n'nayo. Mume yuko kwa mamake Kisauni. Kitanda nilikwenda kukichukua mwenyewe na ndugu zangu wawili, tukakirudisha kwa mkokoteni na tuktuk, kabati limekwama mlangoni mpaka leo. Yule mwanamke hata hakubisha, naye alikuwa ameambiwa mke alishaachwa.

Deni bado lasoma langu. Jana nimepiga tena, wamenipa tiketi mpya, saa 72.