Mrejesho: vijana 24, siku tatu Sipi

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza kama vijana wa kanisa letu hapa Kampala wakalale kwenye mahema au tukodi bweni huko Sipi, penye maporomoko ya maji mashariki mwa Uganda. Tumerudi juzi, wote wazima.

Aliyesema tuache mahema, Mungu ambariki. Usiku wa kwanza mvua ya Mlima Elgon ilishuka mpaka tope likapenya chini ya mlango. Baridi nayo! Watoto wa mjini walilala wamevaa soksi mikononi.

Maporomoko yako matatu. Makubwa yana mita kama 100, na pembeni yake watu huteremka kwa kamba. Waliothubutu ni saba tu. Mimi kiongozi nilibaki juu nalinda mikoba (msicheke). Kumbe kilichowakolea wengi ni kahawa: kuitwanga kwenye kinu, kuikaanga kwenye chungu, kisha kuinywa palepale.

Nilipokosea ni usafiri. Sikupatana na dereva malipo ya zile siku za kusubiri, basi kurudi tukabishana Mbale nusu saa nzima, vijana wanatutazama. Nililipa. Mwakani tutaandikiana kabla ya kuondoka.