MREJESHO: Viroboti vya marehemu mjomba

Assalam aleikum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kama nimuuzie mtu kwa shilingi 3,000 kopo zima la viroboti (roboti ndogo za kuchezea) vinavyogeuka gari, alivyoacha mjomba aliyekuwa baharia. Mkanizuia, mkaniambia nisome kwanza maandishi yaliyo chini ya kila kimoja. Ahsanteni sana.

Nilikaa navyo barazani hapa mtaani kwetu Langoni, tochi mkononi. Vitano vina jina la Bandai, kampuni ya vitu vya kuchezea ya Japani. Ni GoBots, vile ambavyo kampuni ya Tonka iliviuza Marekani, vikitoka kwenye viroboti vya Bandai vilivyoitwa Machine Robo. Bei yake ndogo, na naona vinaonewa, maana vina chuma na uzito wake unautambua kiganjani.

Viwili ni Transformers, viroboti vya kampuni ya Hasbro ya Marekani. Kimoja kina kistika cheusi, zile zilizoanza kubandikwa 1985. Nikakisugua kwa kidole gumba, kikapata joto, na sura ya Autobot, alama ya kundi la roboti wema wa Transformers, ikajitokeza polepole. Wallahi nilipiga kelele! Hicho kimekwenda Mombasa kwa shilingi 4,500, kimoja tu, na kutu ya parafujo imempunguzia mnunuzi bei. Chumvi ya hewa yetu haina huruma.

Cha pili ni Bumblebee, kigari cha manjano cha Volkswagen. Mkono mmoja umelegea. Hiki siuzi, alinipa mjomba mwenyewe nilipokuwa darasa la pili. Nimekifunga kitambaa kikavu ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na dirisha, jua lisije likakipausha.