Mnatuuzia jina la Toyota huku kilometa mmerudisha nyuma, na Nissan mnaziua wenyewe kisha mnazitukana

Wakuu habari zenu, naingia moja kwa moja maana nina hasira na nisipoyatoa leo sitalala.

Hii kauli ya "chukua Toyota bosi, haifi hiyo" imeshageuka mtego wa kuwaibia watu. Kila yadi unayoingia, kabla hata hujauliza bei jamaa ashaanza, Toyota hii, spea zipo kila kona, ukiichoka unauza kwa bei ile ile uliyonunulia. Na jina kweli lipo, sibishi, halikuja bure. Watu wamezipiga Corolla na Mark II na Hilux kwenye barabara za vumbi mikoani miaka na miaka na zikarudi nyumbani. Lakini hilo jina wamelitengeneza watu waliokuwa wanazijua gari zao, wanamwaga oili kwa wakati, wanajua imetoka wapi na imetembea kiasi gani. Nyie wauzaji wa yadi mnalichukua jina hilo hilo mnalibandika kwenye gari iliyochoka, mnaipulizia dawa injini, mnaosha siti, mnamuuzia mtu kwa bei ya gari nzima.

Mdogo wangu wa kike ni mwalimu. Amejinyima, akachukua mkopo, akaongezea na hela ya kikoba, akanunua gari yadi moja hapa Dar. Yadi siitaji na gari yenyewe siitaji pia, kwa sababu gari haina kosa lolote, kosa ni la watu. Gari ya 2006, dashibodi inasoma kilometa elfu 68 na ushee, eti ilikuwa ya mzee wa Kijapani anaendea sokoni tu (huyo mzee sijui ana gari ngapi maana kila yadi wanamtaja yeye). Haikuchukua muda ikaanza kula oili. Asubuhi ukiwasha moshi wa bluu, ukiwa na abiria ukakanyaga mafuta kwenye kilima ndo usiseme. Fundi akafungua boneti akaanza kupangusa vumbi na grisi pale pembeni ili aone vizuri, ikatokea stika.

Kwa msiojua, Wajapani wakibadilisha oili huwa wanabandika kastika kadogo, aidha kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, wanaandika tarehe na kilometa. Maandishi ni ya kwao lakini namba ni namba tu. Hii ya mdogo wangu imeandikwa kwa kalamu, 27, halafu 6, halafu 131,400. Hiyo 27 ni mwaka wa kwao, enzi ya Heisei, unajumlisha na 1988 unapata 2015. Maana yake mwezi wa 6 mwaka 2015 hii gari ilikuwa imeshatembea zaidi ya kilometa laki moja na thelathini elfu, na ikaendelea kutembea huko kabla ya kupanda meli, leo anauziwa mwalimu inasoma elfu 68. Ukifungua mlango wa dereva pale kwenye nguzo unaona alama ya gundi ya mstatili, yaani ya mlangoni waliing'oa, ya kwenye boneti ilikuwa imefichwa na uchafu hawakuiona.

Na msije hapa kuniambia mambo ya "sisi tunauza ilivyokuja". Gari ikitoka Japani inatoka na cheti cha kufutiwa usajili ili isafirishwe nje, ile eksipoti setifiketi, na mle ndani kuna sehemu ya kilometa. Kama imepita mnadani kuna karatasi ya ukaguzi, oksheni shiti, gari inapewa daraja, 4, 3.5 na kuendelea, na ukikuta R au RA ujue iligongwa ikanyooshwa. Cheti cha kufutiwa usajili lazima kipite mikononi mwenu au kwa ejenti wenu kwa sababu bila hicho gari haisajiliwi hapa. Sasa kwanini mteja akiomba kuona mnaanza kumzungusha, mara ipo kwa ejenti, mara ipo TRA, mara bosi amesafiri? Kama kilometa ni za kweli unaficha nini?

Halafu watu wanadhani gari ikishatoka Japani basi ni nzima. Kule wana ukaguzi wa lazima unaitwa shaken, gari mpya inakaguliwa ikifika miaka 3 na baada ya hapo kila miaka 2, na unagharimu, ndo maana wengi wanaona bora wauze mapema. Kwa hiyo ni kweli kabisa zipo gari safi zinatoka kule, tena nyingi. Ila zipo pia zilizogongwa na zipo zilizochoshwa, na zote zinashuka bandari moja zinapangwa yadi moja zimeng'arishwa sawa sawa. Anayezitofautisha ni karatasi, na karatasi ndo hiyo mnaificha.

Kitu kingine kinachoniudhi ni hii habari ya herufi kwenye namba ya usajili. "Hii namba E mkuu, mpya hii." Mpya wapi! Hiyo herufi inakuambia gari imesajiliwa lini Tanzania, haikuambii imetengenezwa lini. Toyota IST old model zimetengenezwa kati ya 2002 na 2007, leo ukiileta ya 2004 ukaisajili inapata namba E, ina zaidi ya miaka ishirini barabarani lakini dalali anakupandishia bei kwa sababu ya herufi, na aliyekaa na yake vizuri tangu namba C anaambiwa gari yake imechoka. Wenzetu Kenya wameweka gari inayoingia isizidi miaka 8, sisi hatujazuia, tunatoza ushuru wa uchakavu, sawa, mimi sisemi wazuie maana wengi wetu tungebaki na daladala. Lakini basi mnunuzi apewe ukweli wa kile anachonunua.

Sasa njooni kwenye Nissan, maana hapa ndo mafundi na nyie mtaniskia.

Mtaani ukisema unanunua X-Trail au Dualis watu wanakuonea huruma, gari ya majanga, gia boksi itakufa. Sikatai kwamba CVT, hizo gia boksi zao za otomatiki, za mwanzo zilikuwa na shida ya kweli. Marekani Nissan wenyewe waliongeza waranti ya CVT kwa magari ya 2003 mpaka 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000, na kampuni haifanyi hivyo kama mambo ni shwari. Lakini hizi zinazokufa huku kwetu nyingi zinauliwa gereji. Ile gia boksi haina gia kama mlizozizoea, ina mkanda wa chuma unabanwa katikati ya puli mbili, na kinachofanya mkanda ushike usiteleze ni oili maalumu. X-Trail za toleo la T31 na Dualis zinataka oili ya NS-2. Nissan Note za kuanzia 2012 zinataka NS-3. Imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Fundi anafika anamimina ile ATF nyekundu ya dukani, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, anasema oili zote ni oili, mkanda unaanza kuteleza, puli zinakwaruzika, gari inavuma haiendi, mwenye gari anaambiwa "si nilikwambia Nissan?" Yaani aliyeua ndo anatoa hukumu! Jirani yangu ana Dualis anaiwekea NS-2 original na anaibadilisha kabla haijachoka, hasubiri iungue, inaenda Dodoma na kurudi haina kelele yoyote.

Na wale mnaocheka CVT za Nissan, Premio ile new model ya kuanzia 2007 nayo ina CVT, Vitz nyingi nazo zina CVT, Ractis ina CVT. Ni Toyota hizo. Zina oili yake, TC au FE kutegemea na gari. Wangapi mmeambiwa na muuzaji siku mnanunua? Mnazipelekea ATF hivyo hivyo na jina la Toyota linawafunika macho mpaka siku inaanza kutetema kwenye foleni.

Hata injini za Toyota zenyewe hazifanani jamani. Injini ya 1NZ ya kwenye IST ni jembe, haina ubishi. 1ZZ za miaka ya mwanzo ya 2000, zipo kwenye Spacio na Allion za 1.8, zinajulikana dunia nzima kwa kula oili, matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni, nyuma ya ringi, yalikuwa madogo yanaziba. Injini za D4 nazo, Noah zile za AZR60 na Premio za 2.0, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, haipiti juu ya vali za kuingiza hewa, kwa hiyo vali zinajaa masizi na pampu haitaki mafuta machafu kabisa. Miaka ile ya uchakachuaji, kabla EWURA, wasimamizi wa mafuta, hawajaanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) 2010, watu walikuwa wanauziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, pampu zinakufa, D4 ikapata jina baya mpaka leo watu wanakimbia hata kusikia. Kwa hiyo ukisema "Toyota haifi" uniambie Toyota ipi, injini ipi, imenyweshwa nini.

Na mafundi wangu, nawaheshimu, wengi mnajua kazi kuliko waliosoma, lakini hii tabia ya kung'oa thamostati mtaiacha lini? "Nchi yetu ya joto mzee haina kazi." Ina kazi! Inazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake. Ukiing'oa injini inakuwa baridi muda wote ukiwa safari ndefu, kompyuta inaona bado haijapata moto inaendelea kumwaga petroli nyingi, gari inakunywa mafuta, oili inachafuka mapema, mwenye gari anasema hizi gari zinakunywa sana. Halafu badala ya kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, mnajaza maji ya bomba, na Dar maji ya visima yana chumvi, ndani kunaota kutu, rejeta inaziba, siku moja inachemsha gasketi ya silinda hedi inaondoka. Tena mnamimina oili namba 40 nzito kwenye injini ya Toyota ya VVT-i iliyotengenezewa oili nyepesi ya 5W-30, vile vitundu vya oili ni vyembamba, kwanini isigonge asubuhi? Haya yote yakitokea lawama inaenda kwa gari.

Spea nazo siongei sana leo, mnajua wenyewe, boksi la Toyota limeandikwa original na ndani kuna kitu ambacho hakimalizi msimu wa mvua. Bora ya mtumba iliyotoka Japani kuliko mpya ya feki.

Serikali nayo nina neno nayo. Gari ikiingia mnachukua ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ikiwa imezidi miaka 10 mnaongeza asilimia 30 ya uchakavu. Mwaka wa gari mnaujua vizuri sana ikifika kwenye kodi. Kwenye kadi ya gari mnaandika chesesi namba, injini namba, rangi, mwaka, na cc (ukubwa wa injini). Ongezeni na kilometa zilizosomwa kwenye cheti ilipotoka, basi, mstari mmoja tu. Mtu akitaka kununua aangalie kadi na aangalie dashibodi. Kitu kidogo hivyo kingewaokoa walimu na manesi na madereva wa bolt wangapi wanaokopa hela kununua gari ya kuwaingizia kipato halafu gari inakula marejesho.

Mdogo wangu alirudi yadi na picha za stika. Wakamwambia stika siyo ushahidi, huenda boneti ilibadilishwa, na ameshatembelea gari kwa hiyo hakuna kurudisha. Akaomba kopi ya eksipoti setifiketi, mpaka leo hajapewa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na FCC, Tume ya Ushindani, ndo wenye kazi hiyo, kwa hiyo huko ndo tunaelekea. Ambaye ameshawahi kufungua malalamiko FCC kwa ajili ya gari aje atuambie alitakiwa kupeleka nini na ilichukua muda gani, au aje inbox kama hataki hapa.

Ambao mna gari zenu mlizonunua yadi, hebu nendeni sasa hivi mkafungue mlango wa dereva na boneti mkatafute hizo stika, mpige picha pamoja na dashibodi mtuwekee hapa. Fichani namba za gari, jina la yadi msiandike, tunataka kuona ukubwa wa hili jambo.

Na wauzaji mnaotoa karatasi zote bila kuzungushana, najua mpo, jitokezeni hapa chini watu waje kwenu. Nyie wengine mnaojiandaa kuja na "mtumba ni mtumba", kaeni pembeni, aliyenunua mtumba alilipa hela nzima.